Malalamiko Dhidi ya Mgeni Asiyenyeshewa

Mwaloni, Mugango,
Jumatano, wiki ya tatu ya masika.

Kwa Mheshimiwa Clementi, Mwenyekiti wa Kitongoji,

Baada ya salamu, na pole kwa matope ya mlangoni pako, mimi Dorotea, katibu wa akina mama waanika dagaa, naleta malalamiko dhidi ya yule mgeni aliyetokea upande wa ziwani siku kumi na moja zilizopita, katikati ya mvua, viatu vyake vikiwa vikavu. Unamfahamu vizuri. Ni yule ambaye mvua haimnyeshei, na popote anapokaa jua huwaka eneo la mikeka miwili. Nimevumilia vya kutosha. Makosa yake ni haya:

1. Alikuja bila ukoo. Kwetu mtu haongeleshwi hivi hivi. Kwanza ajulikane ni wa nani, ndipo tujue kama ni mtani wa kutukanwa au shemeji wa kuheshimiwa. Mzee Yakobo alimuuliza ukoo wake kwa Kijita, kwa Kikwaya, kwa Kijaluo na kwa Kisukuma. Mgeni akatabasamu mara nne. Kwa Kiswahili hatukumuuliza, maana mambo ya ukoo hayaulizwi kwa lugha ya ofisini, na sisi ni watu wenye adabu. Sasa mtu asiye mtani wala shemeji utaongea naye nini? Tukaona tumpangie kazi.

2. Alileta ugomvi. Siku ya kwanza aliketi karibu na chanja yangu bila ruhusa, dagaa wangu wakakauka kabla ya saa sita, huku wa jirani yangu Yuliana wakioza kwa mvua. Yuliana hakunisalimia siku mbili. Ikabidi uitishe mkutano, na kwa hekima yako ukamtangaza kuwa mgeni wa kitongoji kizima, asiwe wa mtu mmoja. Orodha ya zamu niliiandika mimi: nyumba, chanja, saa ya kumchukua, saa ya kumkabidhi. Mgeni gani amewahi kupewa heshima ya kupigiwa mistari kwa rula?

3. Hana shukrani. Tumemtembeza sana. Mwandu mfyatua tofali alimpakia kwenye pikipiki hadi Bunda, akamsimamisha katikati ya tofali zake mbichi kutwa nzima, apate kuona mji. Wewe ulimpeleka Makoko kwenye harusi ya binti yako Gaudensia, ukamweka nyuma ya turubai asiharibu picha. Naye akakulipa nini? Wakati wa kukata keki aliketi chini, jua likasinyaa, maharusi wakalowa mpaka soksi.

4. Anatuhujumu. Lile jua la mikeka miwili sasa halijai hata ungo. Jana ilikuwa zamu yangu. Nilimkalisha tangu asubuhi, na hadi jioni dagaa wangu walikuwa bado wanateleza. Nilipomsogeza alijishikilia kwenye chanja yangu asianguke, nikakasirika zaidi, maana zamu yangu ni mara moja tu kwa wiki.

5. Anakodolea macho vyungu vya watu. Kwa hili nilifanya uchunguzi wa haki. Yuliana aliniambia, "Mimi nilijua anakulaga kwenu." Mimi nilijua anakula kwako, Mwenyekiti. Wewe ulijua kwamba anayekausha dagaa wa watu wote hawezi kukosa kitoweo. Nimeipitia orodha yangu mstari kwa mstari: kila kitu kimo isipokuwa chakula. Kosa hilo ni lake. Mtu mwenye njaa husema, na mdomo anao.

Kwa hiyo naomba aondolewe kitongojini, apewe barua ya kuwajulisha huko aendako kwamba ni mvivu, na kabla hajaondoka anikaushie magunia mawili yaliyobaki.

Nisalimie mama watoto, Mzee Yakobo na wajumbe wote walionyoosha mikono siku ile ya mkutano. Gaudensia naye umwambie gauni litakauka tu.

Ni mimi mwananchi mtiifu, niliyechoshwa na mgeni,
Dorotea

Nyongeza: Mwenyekiti, hayo ya juu yaache. Nilipokuwa nakuletea barua nilipita kwenye kibanda cha nyavu anakolala, nikakuta hayupo. Mvua inanyesha kote, lakini pale mlangoni alipozoea kukaa bado pakavu, na sikuthubutu kupakanyaga. Mama mkwe wangu, Bibi Esther, ndiyo kwanza ananiambia kwamba jana alimpa kikombe cha uji, naye akasema, "Asante bibi," kwa Kiswahili kilichonyooka. Nimelia, sikufichi. Nimepika ugali na sato, nimefunika. Abraham wa redio kule Musoma yuko tayari kututangazia kwamba tunamtafuta, ila ameniuliza jambo moja: huyo mtu anaitwa nani? Nimezunguka nyumba zote za zamu kwenye mvua hii. Hakuna aliyemuuliza. Kwenye orodha yangu, kila mstari, nimeandika "Mgeni". Basi ukipita mahali ukaona pasiponyesha, habari za dagaa usimtajie. Mwambie Dorotea anaomba kujua jina lake, na chakula kinapoa.