Radiokaseti Iliyokataa Kuzima Mbele ya Mama Mukwe

Leo nimeaibika, bandugu. Tena mu nyumba yangu, mbele ya mama mukwe!

Alifika asubuhi toka kwao Pinga juu ya pikipiki, matope mpaka magotini. Nikasema, huyu mama lazima nimupokee na nyimbo za korali. Tuko na radiokaseti ya zamani. Buto zake zingine zote, vile vidude vya kuminya, zilishakufa, tunaiwashaka na kuizimisha na ile ya kuwashia tu. Na ile nayo leo ikagoma. Unaminya, kimya. Unaminya tena, kimya.

Bibi yangu Furaha, mama ya mutoto wetu Neema, akasema, "Papa Neema, peleka kwa fundi."

"Fundi gani? Mimi njo fundi!" (Sijawahi kutengeneza hata mwiko.)

Nikaifungua na kisu cha jikoni. Nikakata nyuzi mbili za ile buto, nikazifunga pamoja moja kwa moja, nikaunga kwenye batri ya sola. Ikalia! Korali! Weee, nilitembea mu salon ya nyumba yetu kifua mbele.

Chakula kikafika, kuku na viazi. Mama mukwe alikuwa kwenye kiti kizuri, batri iko chini yake, nyuma ya miguu. Akafunga macho ili aombee chakula.

Njo korali ikaisha. Kaseti ikaendelea.

"Furaha wangu..."

Sauti ya kijana. Yangu! Kumbe ni ile kaseti nilimutumiaka wakati wa uchumba. Nyimbo za korali Furaha alizirekodi juu yake, hazikufika mwisho.

"...mama yako akikatala, nitakuja kukuiba na pikipiki ya kuazima. Simuogopi. Sauti yake tu njo kubwa, yeye mwenyewe iko mufupi kama kinu."

Yesu! Nikaruka, nikaminya buto. Buto gani, na nyuzi nilishakata? Ilibaki kutoa batri. Lakini kwetu, mukwe anaingizaje mukono mu miguu ya mama mukwe? Nikaitupia radio blangeti. Nikaanza kuimba korali mwenyewe, kwa nguvu. Furaha alishaanguka chini na kicheko.

Na chini ya blangeti, kijana akaanza kulia. "Furaha, nikikukosa nitakufa..." Analia kabisa, mpaka anapenga makamasi!

Mama mukwe akafungua macho.

"Mukwe."

"Mama."

"Mufupi kama nini?"

Nikapiga magoti. "Mama, nilikuwa ningali mutoto..."

"Nyamaza, nisikie."

Akatoa blangeti mwenyewe. Akasikiliza mpaka kaseti ikaisha. Kisha akajipangusa macho na kitenge.

"Miaka yote hii," akasema, "nilifikiri ulimutaka binti yangu kwa sababu ya shamba letu."

Akanipa paja la kuku na mukono wake. Nikajua nimesamehewa. Nikakosea kufurahi mapema, maana alichomoa ile kaseti, akaifunga mu kitenge.

"Hii narudi nayo Pinga. Bashangazi ya Furaha walibisha sana kwamba unamupenda, nao wasikie."

Basi bandugu wa Pinga, mukisikia kijana analia mu radio, si mimi. Ao kama ni mimi, tafazali, mucheke mukiwa mumeingia ndani kwenu.