Walsi ya Marehemu na Mkono wa Mwokaji

Alhamisi, 26 Juni

Nimefika! Tamasha la jazi ya Wajipsi linaanza kesho, hapa kando ya mto Seine. Kila Jumapili ya tamasha bingwa Kolo humwita mpiga gitaa mmoja wa ridhaa apande jukwaani kupiga naye. Mmoja tu. Miaka yote amewaita wengine. Mwaka huu ataniita mimi. Mimi ni mwokaji, najua mkate hauumuki bila hamira, na jukwaa halipandwi bila mbinu.

Shangazi Mirabelle, kama sote tunavyomwita, ameniruhusu tena kupiga hema katikati ya karavani, zile nyumba za magurudumu, za Wamanushi. Ndivyo Wajipsi wa huku wanavyojiita wenyewe. Nimempa gunia la mikate. Akanishukuru, kisha akauliza, "Gitaa umeleta, mwanangu. Na akili je?" Nikacheka tu. Mama huyu ana roho nzuri mno.

Hamira ya kwanza: masharubu. Wapiga solo wakubwa wote hapa wana masharubu membamba. Yangu yamegoma kuota. Nimeyachora kwa wanja wa mke wangu, Odile. Nilipendeza!

Baadaye. Mvua. Masharubu yameshuka hadi kidevuni. Kolo aliniuliza kwa upole kama nimetoka kuzibua bomba la moshi. Kisha akanipa taulo. Taulo lake mwenyewe! Nashukuru. Silifui.

Ijumaa, 27 Juni

Adui yangu amewasili. Pillet, daktari wa meno kutoka Orléans. Gitaa lake linang'aa kama meno ya bandia.

Baada ya chakula tulikaa duara mbele ya karavani ya Shangazi. Mabingwa wa jukwaani, mafundi magari, wasuka vikapu, walimu, sote magoti yanagusana. Sheria ni moja: solo inazunguka. Anayemaliza humtikisia kichwa anayefuata. Wengine wote wanapiga rizimu, mkono juu, mkono chini, wakimbeba mwenye zamu.

Solo ikazunguka. Ikapita kwa Kolo, ikapita kwa Pillet, ikafika kwangu... ikaniruka! Ikazunguka tena. Ikaniruka tena! Kila nikiinua shingo mtu ananipigia kelele, "Anselme, usiache rizimu, baba! Ukiacha wewe tunaanguka sote!" Ati mkono wa mwokaji hauchoki. Pillet akapewa solo mbili. Anapiga mbio kama anayefukuzwa na mgonjwa.

Hamira ya pili: wakati wa kahawa nimelegeza uzi wa gitaa kwenye kiti cha Pillet. Kazi safi. Kumbe Pillet alikuwa amempisha Kolo kile kiti, na gitaa lilikuwa la Kolo! Bingwa akapiga noti ya kwanza, akatabasamu, akaukaza uzi bila kuacha kupiga. Watu wakalipuka kwa shangwe. Nimemwongezea sifa mtu asiyezihitaji.

Shangazi aliona kila kitu. Akanijazia sahani ya kuku wa kitunguu saumu. Nashukuru. Kuku alikuwa mtamu, ila alinikaba kidogo.

Jumamosi, 28 Juni

Nina silaha. Kaseti! Zamani mume wa Shangazi alikuja kiwandani kwangu kununua mkate, akanipigia walsi, dansi ya mapigo matatu, aliyoitunga mwenyewe. Nikainasa. Jina lake siliandiki. Wamanushi hawataji jina la marehemu wao, na mimi nina adabu. Alipofariki walichoma karavani yake kimila, gitaa likiwa ndani. Nilikuwepo. Nililia sana. Tangu siku hiyo konokono, alichopenda kula, hawapikwi hapa. Na walsi yake hakuna mtu wa familia anayeipiga.

Wa familia! Hapo ndipo akili yangu ilipochemka. Mimi si wa familia. Mimi ni gajo, mtu wa nje. Mwiko haunihusu! Nimejifunza walsi hiyo majira yote ya baridi, nikingoja unga uumuke. Kolo ni mpwa wa marehemu. Akiisikia, kesho ataita nani kama si mimi?

Alasiri. Nimeipiga. Sikungoja kutikisiwa kichwa, nilianza tu.

Rizimu ikafa. Mmoja mmoja wakalaza magitaa mapajani. Nikadhani nimewateka, nikaongeza mbwembwe. Nilipomaliza, aliyepiga makofi ni Pillet peke yake, naye akaacha baada ya kutazamwa. Shangazi aliinuka, akaingia karavani yake, akafunga mlango taratibu.

Kolo akaniita pembeni. Hakupandisha sauti. Heri angepandisha. Akasema, "Kaka Anselme, wewe unajua mila hii. Umeishi nasi." Nikamweleza hoja yangu ya ugajo. Ilikuwa tamu zaidi kichwani. Akaniambia nikapumzike.

Niko hemani. Jukwaa basi tena, lakini silo linaloniuma. Nimemtonesha kidonda mama aliyenilisha jana. Kesho alfajiri nakunja hema.

Jumapili, 29 Juni

Sikukunja. Nilipofungua hema nilimkuta Shangazi ameketi nje kwenye kigoda, birika la kahawa mkononi, kiatu chake juu ya kamba ya hema langu. Nikaanza kuomba radhi. Akaninyamazisha.

Akasema gajo mwingine angepiga ile walsi angemsamehe palepale, kwa sababu mgeni hajui. "Lakini wewe nimekukasirikia mpaka usingizi umenipaa. Unajua kwa nini? Kwa sababu wewe ni wa hapa, mjinga wewe! Nani kakuambia wewe si familia? Mkate wako tunaula. Kuku wetu unamla. Taulo letu hurudishi!"

Nililia. Machozi yakaingia kwenye kahawa aliyonimiminia, nikainywa hivyo hivyo.

Kisha akaanza kucheka hadi akashika mbavu. Akasema katika sehemu ya pili nilikosea noti moja, palepale alipokuwa akikosea mzee, kila siku, maisha yake yote. Kumbe! Nimejifunza kutoka kwenye kaseti, nikajifunza na kosa lake. Akasema alikuwa ameanza kulisahau lile kosa, na hilo lilimtisha kuliko kifo chenyewe. Kuondoa mwiko ni haki ya mjane, naye ameuondoa. Kolo ataipiga walsi leo jukwaani. Vijana wa bendi yake hawaijui, kwa hiyo wa kumpigia rizimu ni mmoja tu.

Mimi! Mimi!

Nimepanda. Mkono juu, mkono chini, nikambeba. Kolo alipofika sehemu ya pili akanitupia jicho, akakosea makusudi. Shangazi, aliyekaa mbele kabisa, akasimama, akaita jina la mume wake kwa sauti. Sikuwa nimelisikia tangu siku ya moto. Uwanja wote ukasimama naye. Sijui nilimalizaje. Nashukuru, nashukuru, nashukuru.

Pillet alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, akanikumbatia. Amenivurugia chuki yote. Jioni wamepika konokono. Nimekula sahani mbili.

Jumatatu, 30 Juni

Nyumbani. Mkono umevimba, moyo umejaa. Namshukuru Shangazi, namshukuru Kolo, namshukuru hata Pillet. Wakati wa kuagana Shangazi aliniambia, "Mwakani njoo na gitaa. Mbinu ziache kwa Odile azifungie kabatini." Maneno ya busara. Nimeyatafakari njia nzima.

Tafakari imezaa matunda. Nani kaitwa jukwaani? Mimi. Ningeitwa kama nisingevunja mwiko? Thubutu! Basi mbinu ilikuwa sahihi. Na upande wa pili wa kaseti kuna polka, dansi ya mbio, ya baba yake Kolo, marehemu pia. Haijapigwa tangu azikwe. Ni kweli, sasa siwezi kusema mimi ni gajo. Lakini mimi ni familia, na familia husameheana. Safari hii nitaomba solo.

Odile kaniuliza tamasha limenifunza nini. Nimemjibu: polka. Nusu ya kwanza iko tayari, na makosa yake yote.