Waliorudi Kisiwani Bila Kwenda

Watu wa mji walimwita Nahodha, ingawa bahari na tumbo lake havikuwahi kupatana. Boti alipanda mara moja tu maishani, na abiria waliokaa karibu naye siku ile sidhani kama wamemsamehe. Jina hilo alijipa mwenyewe, pamoja na kofia nyeupe yenye nanga, na mji ukavipokea vyote viwili bila maswali. Ulikuwa mji wenye tabia njema ya kumwamini yeyote aliyevaa kofia.

Riziki yake ilimfikia kwa kinyozi, asubuhi moja ya Jumatano, akiwa amefunikwa shuka hadi shingoni. Kwenye kiti cha pili alikaa Tajiri wa Vitambaa, mwenye maduka mawili na kinyongo kimoja. Shemeji yake, mke wa meneja wa benki, alikuwa amerudi kutoka visiwani, na tangu arudi hakuwa amefunga mdomo.

“Wiki ya tatu hii,” Tajiri alimlalamikia kinyozi. “Mchanga mweupe, ukimya, wenyeji wachache, wakarimu, hawana tamaa. Juzi nimekwenda hospitali kumwona mgonjwa, nikamkuta yupo, anamsimulia mgonjwa.”

“Si na wewe uende, mzee.”

“Niende wapi? Maji nayaogopa, chakula cha ugenini kinanivuruga tumbo, na huko hata umeme hakuna. Nikae gizani nimtazame nani? Kwenda sitaki mimi. Ninachotaka ni kurudi.”

Kinyozi alicheka. Nahodha hakucheka. Alitoa mkono chini ya shuka, akaunyosha kumsalimia tajiri, na kwa upole wa daktari mwenye majibu mazuri akamwambia, “Mzee wangu, kurudi kunapatikana.”

Nyuma ya ghala la saruji lililofungwa zamani kulikuwa na nyumba yenye ua na ukuta mrefu. Nahodha akaipanga. Akamwaga uani lori zima la mchanga wa ujenzi, akapanga minazi mitatu midogo ndani ya ndoo, akanunua makombe ya baharini kwa kilo, na akamwita fundi wa mabango achore bahari ukutani. Fundi alichora bahari ya kupendeza, ila kwa mazoea ya kazi akaacha nafasi pembeni kwa ajili ya namba ya simu.

Mteja aliagwa na ndugu na majirani kwa heshima zote. Alipanda gari dogo lenye mapazia, likaelekea bandarini, likazunguka kiwanda cha sabuni na kurudi kwa njia ya nyuma. Wiki mbili alikaa ndani akitazama televisheni, simu yake imezimwa kwa kuwa kisiwani, kama ijulikanavyo, hakuna mtandao. Saa nne asubuhi alitolewa uani kuchomwa jua, mbele na nyuma, kwa usawa. Alipigwa picha na mnazi, kisha na mnazi mwingine. Mashuka na nguo zilichukuliwa langoni na dobi kila Jumanne, na dobi watu wa maana hawamhesabu.

Jioni mteja alisoma. Nahodha alikuwa ameandika karatasi mbili kwa mkono wake: kisiwa cha familia kumi na moja, mzee asiyejua umri wake, mbuzi mmoja wa jumuiya nzima, na Mama Mwenyeji, mwanamke mrefu, mcheshi, wa nyumba ya wageni, ambaye humwita kila mgeni “mwanangu” na hataki kusikia habari ya malipo. Siku ya mwisho kulikuwa na mtihani. Tajiri aliurudia mara mbili kwa sababu ya mbuzi.

“Na wakiniuliza jina la kisiwa?” aliuliza, akiwa tayari na begi mkononi na ngozi imembabuka puani.

“Halitajwi. Likitajwa kisiwa kitajaa watu na utulivu utakwisha. Wenyeji wametuomba, nasi ni watu wa adabu.”

Bei ilikuwa ileile ya safari ya kweli. Nahodha alieleza kwamba ukimya una gharama zake. Na nani angekwenda kulalamika? Akaseme nini polisi, kwamba uongo wake ameuziwa ghali?

Ila ufundi hasa ulikuwa kwingine. Kila mteja aliambiwa kwamba wenzake wote walikwenda kweli, kwa boti, wakalala kwenye mikeka na kuumwa na mbu. Yeye peke yake ndiye aliyefanyiwa upendeleo huu, basi afunge mdomo. Baada ya Tajiri alikuja Mama Dawa, mwenye duka la dawa, kisha Mwalimu Mkuu, ambaye kwa miaka thelathini aliwaadhibu wanafunzi kwa kosa la kudanganya. Ndani ya miaka miwili karibu watu wote wa maana walikuwa wamerudi. Wakikutana mahali walikumbushana mambo ya kisiwani kwa tahadhari kubwa, kila mmoja akimwogopa mwenzake kama mkaguzi wa serikali.

Sasa niseme jambo la aibu kuhusu Nahodha: alikipenda kisiwa. Ukikaa miaka miwili ukiwasimulia watu ukimya, iko siku unausikia. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, ameishi katika miji saba na kuondoka yote saba kwa haraka, na alikuwa amechoka kulala huku viatu vikimsubiri mlangoni. Kupitia dalali mmoja alipata nyumba ya kweli kwenye kisiwa cha kweli: vyumba viwili, baraza linalotazama maji, majirani wachache na hata mmoja hamjui. Kwa ajili ya baraza hilo alikuwa tayari hata kupanda boti. Mwenye nyumba alitaka malipo yote mkononi Jumapili, la sivyo anampa mwingine. Nahodha akakusanya kila kitu alichokivuna katika mji ule na kupanga kuondoka Jumamosi mchana bila kumuaga mtu. Aliitaka nyumba hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na kwa mara ya kwanza alikusudia kulipa.

Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, Tajiri alibisha hodi akihema.

“Nahodha, twende ukumbini. Mama Mwenyeji amekuja.”

“Mama nani?”

“Mama Mwenyeji. Wa kisiwani.” Tajiri alimkazia macho, macho ya mtu anayeomba asiulizwe zaidi. “Si unamjua. Sote tunamjua.”

Ukumbi wa chama cha wafanyabiashara ulikuwa umejaa. Mbele, kwenye kiti cha mwenyekiti, alikaa mwanamke mrefu aliyevaa gauni lililonyooshwa likanyooka, kikapu miguuni, akipokea wageni waliojipanga mstari. Nahodha alisimama mlangoni. Alikuwa amemtunga mwanamke huyu mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, akila karanga.

“Mwanangu Mwalimu,” alikuwa akisema mwanamke, “umenenepa. Na ule mguu ulipona?”

Mwalimu Mkuu hakuwahi kuumia mguu. Aliwatazama waliomzunguka, akaona wote wanasubiri. “Ulipona, mama. Ile dawa yenu ya majani ni kiboko.”

Mama Dawa hakukubali kupitwa. Alimkumbatia mgeni, akatoa hata machozi mawili matatu. “Mimi huyu alinilea,” aliwatangazia watu. “Wiki mbili, kama mtoto wake wa kumzaa.”

“Na mbuzi hajambo?” aliuliza Tajiri, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

“Amezaa pacha.”

Ukumbi mzima ulifurahi, na waliofurahi zaidi ni wale ambao hawakuwahi kumwona huyo mbuzi, yaani wote.

Kisha Mama Mwenyeji akashusha sauti. Dhoruba imevunja gati la kisiwa. Boti haziwezi kufunga, wagonjwa wanabebwa mabegani kwenye maji. Wenyeji ni watu wa aibu, hawajui kuomba, ila wamekumbuka kwamba wana watoto wao huku mjini. Hakumaliza. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshasimama na ahadi yake, Mama Dawa akaipita, Tajiri akawapita wote wawili na kumtazama shemeji yake kwa ushindi ambao alikuwa ameungoja miaka miwili. Kikapu kikaanza kuzunguka. Nimewahi kuona watu wakitoa kwa huruma, na nimeona wakitoa kwa imani, lakini hakuna anayetoa kama mtu anayeogopa kuulizwa.

Nahodha alipenya hadi mbele, akainama kama anayesalimia.

“Mama,” alinong’ona, “tutafute pembe tuongee, mimi na wewe. Tugawane.”

“Shuka nne na taulo sita, kila Jumanne,” alijibu mwanamke, tabasamu likiwa palepale. “Nguo za kuogelea zinaletwa hazijawahi kuona maji. Mwalimu alisahau karatasi zako mfukoni mwa shati. Nilizianika, nikazipiga pasi, nikazisoma. Una mwandiko mzuri, mwanangu.”

Nahodha alimtazama. Mara ngapi alimkabidhi mzigo pale langoni, na uso huu hakuwahi kuuona.

“Na koti ulilovaa nililipiga pasi juzi,” aliendelea dobi. “Lina mfuko mpya wa ndani, mkubwa. Mtu hashonewi mfuko kama ule kwa ajili ya leso. Nikajua unasafiri, nikaona nisichelewe.”

“Nikiwaambia kwamba hukutoka kisiwani?”

“Waambie. Mimi nitakuwa wa kwanza kukuuliza kisiwa kiko wapi.”

Nahodha aligeuka kuutazama ukumbi. Nyuso zote zilikuwa zimemwelekea, zimelowa jasho, zimeungua jua lake la saa nne. Wangemtetea mwanamke yule hadi pumzi ya mwisho, na yeye wangemrarua wakiwa na nguvu zilezile.

“Nahodha atatoa nini?” aliuliza Mama Dawa. “Sisi wa wiki mbili tumetoa. Yeye amekula kwao miaka miwili.”

Watu wakapiga makofi. Nahodha aliutazama mkono wake ukiingia ndani ya koti, akautazama ukitoka. Bahasha ilikuwa nene kiasi kwamba kikapu kiliinama. Mwalimu Mkuu alisema huo ndio utu, na kwamba angependa wanafunzi wake wangekuwepo kuuona.

Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba mgeni arudishwe bandarini kwa heshima, na nani mwingine wa kumpeleka kama si Nahodha? Wakaagwa barabara nzima. Gari lilifika kiwanda cha sabuni, na kwa mara ya kwanza tangu linunuliwe halikugeuka.

Kisha dobi aliuliza, bila kejeli, “Ulikuwa unakwenda wapi na mzigo wote ule?”

Hapo Nahodha alifanya kosa ambalo asingemsamehe mwanafunzi wake hata mmoja. Alisema kweli. Labda ni kwa sababu ameibiwa na mtu anayejua kazi, labda ni kwa sababu katika miji yote minane hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Alimweleza nyumba, baraza, na jirani wa upande wa kushoto ambaye ni kiziwi. Alimweleza jinsi alivyokuwa akilala akiupanga ukimya ule kichwani, kiti hapa, mtungi wa maji pale. Sauti ilimkatika katikati, na haikuwa ile anayoikata makusudi.

“Pole, kaka,” alisema dobi, na nadhani alimaanisha. “Mimi tangu nikiwa na miaka kumi na minne mikono yangu iko ndani ya maji ya watu wengine. Hata mimi ningependa kuyatazama tu.” Akakivuta kikapu karibu. “Huyo dalali ni mtu mwaminifu?”

“Mwaminifu sana. Yuko kisiwani, palepale gatini, ana ofisi yenye mlango wa kijani.”

“Na boti inaondoka saa ngapi?”

“Saa tisa. Ukae nyuma, karibu na injini. Mbele inarusha.”

Alimbebea kikapu hadi kwenye kidirisha cha tiketi. Ndiyo, mwenyewe, kwa mikono yake miwili.

Jumapili ilipita akiwa amelala juu ya mchanga wa ujenzi, kofia usoni. Jumatatu asubuhi Tajiri na wenzake walikuja na barua yenye muhuri: mji umeunda msafara wa watu kumi na wanane kwenda kuzindua gati jipya, Mwalimu Mkuu akiwa mwenyekiti, na Nahodha ndiye kiongozi wa njia. Hakuna aliyetaka kwenda. Hakuna pia aliyethubutu kuwa wa kwanza kusema hivyo, kwa hiyo wote walitia saini, rangi zao zimewapotea, na kumwachia Nahodha nakala.

Walikuwa hawajafika langoni simu ilipolia. Alikuwa dalali.

“Nahodha, pole sana. Nyumba imechukuliwa. Jana kaja mama mmoja mrefu, kalipa yote mkononi. Kasema ni dada yako.”

“Dada yangu.”

“Kasema usihuzunike. Yeye mmoja, vyumba viwili ni vingi, kwa hiyo hicho kingine anapangisha kwa watu wanaohitaji kujificha na kelele. Wiki mbili, ukimya mtupu, nauli juu yako. Kaniambia wewe nikuulize kwanza kabla ya mtu mwingine. Nimjibu nini?”

Nahodha alisoma tena majina kumi na manane kwenye ile barua, na tarehe ya safari chini yake. Halafu akauliza bei.