Teke la Mitutu Miwili

Jumatatu, 4 Agosti

Kiti kimebaki wazi! Barazani pa uwanja wa shabaha kuna viti vitano vya mbao, na hawakalii viti hivyo ila wawindaji wakongwe. Mwenye kile cha mwisho amehamia kwa binti yake mji mwingine, magoti yamemgomea. Mungu amjalie afya njema, hukohuko aliko.

Nakitaka. Nimekitaka tangu nikiwa karani wa leseni za uwindaji. Miaka ishirini na miwili nikigonga mihuri kwenye vibali vya wanaume waliokwenda kukabiliana na nyati, mimi nikikabiliana na kalamu inayovuja. Na nani ameandika kuliko mimi katika jarida la chama chetu cha wawindaji juu ya bunduki nzito? Hakuna! “Risasi Ndogo ni Tusi kwa Nyati”: yangu. “Waoga na Mitutu Yao Myembamba”, sehemu ya kwanza hadi ya nne: zangu zote. Kwamba sijawahi kufyatua kitu kikubwa kuliko bunduki ya kutishia kunguru, hilo ni jambo la faragha.

Mpinzani ni mmoja tu. Shemeji, kaka wa mke wangu. Miaka thelathini porini, na hajaandika hata aya moja. Aibu.

Jumanne, 5 Agosti

Mwenyekiti wetu, tunayemwita Mzee Radi, ametukumbusha utaratibu. Anayetaka kiti hupiga risasi mbili kwa bunduki ya Mwenyekiti mwenyewe, ile ya mitutu miwili, akiwa amesimama wima. Nyuma ya visigino vyake huchorwa mstari wa chokaa. Bunduki ikikupiga teke, ukauvuka mstari, basi tena: utakunywa chai na wageni. Jumamosi saa nne asubuhi.

Nikaomba kuishika. Nzito kama mtoto wa miaka mitatu aliyekataa kutembea! Risasi yake ni nene kuliko kidole gumba changu. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea, kwamba ni chombo kizuri. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

Shemeji akanivuta pembeni, akauliza kama ningependa twende nikafanye mazoezi kidogo, yeye na mimi tu. Dharau iliyoje! Nikamjibu kwamba nilikuwa nasoma habari za bunduki hizi yeye angali anavaa kaptura. Akanikumbusha kwamba tuna umri mmoja. Hoja dhaifu.

Jumatano, 6 Agosti

Ufumbuzi! Leo nimewachunguza wakongwe saa nzima. Wote ni viziwi. Vishindo vya miaka mingi vimewamaliza masikio, mtu unawaamkia mara tatu ndipo waitikie. Kumbe mwindaji wa kweli hatambuliwi kwa shabaha, anatambuliwa kwa kutosikia. Kuanzia leo sisikii.

Nikajaribu kwanza nyumbani. Mke wangu akaniambia nikamwage taka. Eh? Akarudia. Eh? Mara ya tatu akasema, taratibu kabisa, akiwa kanipa mgongo, kwamba kuna nyama imebaki na anafikiria kumpa jirani. Nilikuwa jikoni kabla hajamaliza. Nahitaji nidhamu zaidi.

Barazani mambo yalikwenda vizuri. Mzee Radi akanipigia kelele kuuliza imenianza lini. Nikasema ni kazi ya mitutu. Sikufafanua mitutu ya nani. Akanipiga bega kwa huruma, akasema karibu sana kundini. Shemeji akanitazama kwa muda mrefu. Wivu!

Alhamisi, 7 Agosti

Uziwi una faida na hasara zake. Mbele ya kiziwi watu hufunguka. Leo nimemsikia Mweka Hazina akisema, hatua moja kutoka puani mwangu, kwamba naishika bunduki kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake aliyelowa. Wakacheka hadi meno ya bandia ya mmoja wao yakachomoka. Nami nikatabasamu kama picha ya ukutani. Kilichoniuma zaidi ni shemeji: akawaambia waniache, mimi ni msomi, moyo wangu ni safi, na nikipata kiti hicho nitafurahi kuliko wao wote. Kutetewa na mpinzani! Na siwezi hata kumjibu!

Mchana nikashughulikia bega. Nimeng'oa sponji ya mto wa kochi nikaishonea ndani ya koti, upande wa kulia. Nikijitazama kwenye kioo, upande mmoja ni mimi, upande wa pili ni mpiga ngumi. Mke wangu akakuta mto umenywea kama puto la jana, akaniuliza. Eh? Akaandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: SPONJI YANGU IKO WAPI? Nikamwambia sioni bila miwani.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo fundi wa bunduki ameileta mitutu miwili barazani ikiwa imesafishwa. Ndipo nikaona. Ina vifyatulio viwili! Kimoja mbele, kimoja nyuma yake. Bunduki ya kunguru ina kimoja tu. Fundi akataka kutueleza, kisha akanitazama, akamwambia Mzee Radi kwamba kumweleza asiyesikia ni kujichosha bure, na tena mwindaji wa rika langu anavijua vifyatulio hivyo kuliko yeye. Akafunga mkoba wake akaenda zake.

Ningeuliza. Lakini kuuliza ni kukiri mambo mawili kwa mpigo: kwamba nimesikia, na kwamba sijui. Basi nikatumia akili, kitu ambacho barazani pale kina upungufu mkubwa. Mitutu miwili. Vifyatulio viwili. Kwa hiyo vidole viwili, kila kimoja mahali pake. Ni hesabu tu.

Saa kumi na moja jioni shemeji akaja hadi dirishani pangu. Akapaza sauti mtaa mzima ukatoka nje. Kidole kimoja, shemeji! Kimoja tu! Piga cha mbele kwanza, ndipo uhamie cha nyuma! Usiviguse vyote pamoja, nakuomba kwa jina la dada yangu!

Hebu mwone! Siku moja kabla ya shindano, mpinzani anakuja kunipunguzia vidole. Ananifanya mtoto? Nikamwonyesha sikio langu, nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikafunga dirisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Alianza shemeji. Akapiga ya kwanza, ubao ukatoboka katikati. Akapiga ya pili, ukatoboka kando tu ya pale. Lakini teke la pili likamsogeza: kisigino chake kimoja kikavuka chokaa, upana wa vidole vitatu! Nusura niubusu ule mstari. Akacheka, akasema uzee huo, akanikabidhi bunduki. Kiti kilikuwa changu. Nilichotakiwa ni kutorudi nyuma tu.

Nikasimama. Sponji begani. Vidole viwili, kila kimoja mahali pake. Nyuma yangu nikamsikia shemeji akisema mama yangu, hapana, hapana, hapana.

Nikafyatua.

Sikuisikia sauti kwa masikio, niliisikia kwa meno. Kisha nikaona mawingu. Mazuri, madogo madogo. Kisha sponji ikaanza kunidondokea usoni, kipande kimoja kimoja, ya njano. Kofia yangu walikuja kuiokota nyuma ya choo.

Hata hivyo sikupoteza hoja. Nikiwa chali vilevile nikawaambia wazee watazame visigino vyangu. Vilikuwa mbele ya chokaa, vyote viwili, vidole vikielekea mbinguni! Kilichovuka ni mgongo, na kanuni haitaji mgongo. Wakainama kutazama. Wakabishana robo saa nzima huku nikiwa chini, kuninyanyua ingekuwa kuharibu ushahidi. Hatimaye Mzee Radi akatoa uamuzi: visigino havijavuka, mtu huyu ni halali. Lakini kanuni inataka mapigo mawili, na wao, hata kwa masikio yao haya, wamesikia pigo moja. Kwa hiyo nimebakiza moja. Nisimame, nipige risasi moja tu ya mwisho, na kiti ni changu.

Watu wote wakanitazama. Kiti kile pale, hatua kumi, kina hata kamto. Bega langu lilikuwa halijulikani liko wapi.

Nikaweka kiganja sikioni. Eh?

Mzee Radi akarudia, kwa kelele zaidi. Eh?

Akarudia mara ya tatu, ndege wakaruka juu ya miti. Nikatabasamu kama picha ya ukutani. Shemeji akapiga goti pembeni yangu, akaniangalia machoni, akageuka akawaambia wazee kwamba jamaa hasikii kabisa, wamwache apumzike. Mzee Radi akasikitika sana. Akasema asiyevuka hakumaliza, na aliyemaliza kavuka, basi mwaka huu hakuna mshindi. Wakaweka birika la chai juu ya kiti changu.

Nimeshindwa na birika.

Jumapili, 10 Agosti

Bega lina rangi ya bilinganya. Mke wangu ananichua kwa nguvu ambazo nina hakika zinahusiana na kochi.

Shemeji amekuja na mafuta ya kuchulia. Akangoja mke wangu atoke, akaninong'oneza, chini kabisa, kwamba alijua tangu Jumatano. Kwamba jana aliposema sisikii alikuwa ananisetiri. Kwamba kiti kitagombewa tena mwakani, na kuanzia mwezi ujao atanifundisha kila Jumamosi, polepole, kwa bunduki ndogo kwanza, na hakuna atakayejua. Machozi yakanilengalenga. Nikasema eh?

Akacheka, akaniachia mafuta.

Jumatano, 13 Agosti

Nimetafakari siku tatu, na sasa nimeliona kosa langu waziwazi. Nilichagua kiungo kisicho sahihi. Kutosikia hakuonekani! Inabidi mtu akusemeshe kwanza. Lakini Mzee Radi anachechemea. Mweka Hazina anachechemea. Mkongwe anayechechemea humwona akiwa bado getini, na nani atamsimamisha mtu wa namna hiyo kwenye chokaa? Atapewa kiti papo hapo, kwa adabu tu.

Nimeanza leo. Mguu wa kushoto. Asubuhi ulikuwa wa kulia, ila ngazi za nyumba hii zinapinda upande mbaya.

Mke wangu ameuliza mguu umepatwa na nini. Nikamwambia: nyati. Amekwenda kumpigia simu kaka yake.