Chipu Mbili Zinazoitika Jina Moja

Nyalenda, Kisumu
13 Juni 1994

Kwa Mwalimu Waliaula, Idara ya Umeme

MINTARAFU: CHIPU KUKOSA MALEZI

Mwalimu wangu, nakuamkua kwa heshima zote za mwanafunzi uliyemfukuza maabarani mara mbili tu. Sikulaumu. Nakulalamikia, na hayo ni mambo tofauti.

Mama Selpha, mkunga mstaafu, amefungua nyumba ya kujifungulia hapa kwetu. Ana vitanda kumi na sita na muuguzi mmoja wa zamu, Benta. Aliniomba kengele: mgonjwa abonyeze kitufe, taa yenye nambari ya kitanda chake iwake mezani kwa Benta. Nilimjibu kwamba hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Huo ulikuwa mwezi wa tatu.

1. Ile kompyuta ndogo ya chipu moja uliyotufundisha ina miguu kumi na tisa tu ya kuunganishia taa na vitufe. Taa zilichukua kumi na sita. Ikabaki mitatu, na vitufe kumi na sita vinangoja. Walioitengeneza walidhani akina mama wa Nyalenda huzaa kwa foleni?

2. Ulisema dawa ni kuongeza miguu: chipu za ziada, kila moja na miguu minane, zote zimeshikizwa kwenye nyaya mbili zilezile, na kompyuta inaziita moja moja kwa anwani yake. Niliagiza mbili kutoka Nairobi, moja ya vitufe vya kitanda cha kwanza hadi cha nane, nyingine ya vilivyobaki. Mwalimu, ukiita moja zinaitika zote. Nekoye wa kitanda cha tatu akibonyeza, taa ya tatu inawaka, na ya kumi na moja pia.

3. Nekoye anabonyeza sana. Anataka chai, kisha chai irudishwe ina majani mengi, kisha dirisha. Kila mara Benta anafika pia kitanda cha kumi na moja kwa Dorca, mama mpole ambaye hajaita mtu tangu alazwe. Jana Benta aliniambia mbele ya wagonjwa, polepole: "Fundi, mimi nina miguu miwili. Mashine yako inataka minne. Basi niongezee na mimi." Walicheka hadi mmoja akashikwa na uchungu kabla ya siku yake, na hilo nalo nimebebeshwa mimi.

4. Mama Selpha amenipa hadi Ijumaa. Baada ya hapo tutarudi kwenye kugonga sufuria kwa kijiko, nami kanisani nimeshajitambulisha kama mhandisi.

Kwa hiyo naomba uwaandikie wenye kiwanda, kwa muhuri wa chuo, chipu zao zibatizwe kabla ya kusafirishwa, kila moja kwa jina lake, mbele ya mashahidi. Wakikataa, Benta apewe msaidizi wa kutembea, na kwa haki msaidizi huyo ni wewe uliyefundisha somo.

Wasalimie walimu wote, na mlinzi wa lango ambaye bado ana kitambulisho changu.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Joram Oketch

Nyongeza: Barua imekaa kwangu siku tano. Jumatano saa nane mchana Nekoye aliitisha uji. Benta alinung'unika, akampelekea, halafu akapita kwa Dorca kwa sababu taa ilikuwa inawaka. Dorca alikuwa amejifungua asubuhi. Benta alimkuta amezimia, damu imepita godoro, kitufe kiko mkononi. Jirani alimkimbiza hospitali kubwa kwa gari lake, na amepona. Anasema hakukibonyeza, hakutaka kusumbua watu. Mtoto ameitwa Joram. Sikuwazuia.

Jana nilifungua boksi la kengele. Kila chipu ya ziada ina miguu mitatu ya kuipa anwani. Nilikuwa nimeilehemu yote sawasawa kwenye zote mbili, kwa sababu ilipendeza macho. Ziliitika jina nililozipa mwenyewe.

Nilitaka kuzitenganisha majina, Benta akanishika mkono. Naye Mama Selpha ananiuliza nilijuaje kwamba anayenyamaza ndiye wa kutazamwa. Nimemwambia ni mambo ya kitaalamu. Akikuandikia, tafadhali mjibu hivyo hivyo.