Ndafu, Zadock na Mpira wa Hita

Jumatatu, 4 Septemba 2006
Sikukuu, hakuna kazi. Kikao cha kamati ya harusi ya Erick, kijana wa jumuiya yetu ya Watanzania huku ughaibuni, kwetu Frogtown. Nimepewa kubeba ndafu! Miaka yote kamati hunipa maji ya kunywa na vikombe vya karatasi. Safari hii namchukua mbuzi kule Blaine, anakochomwa, namfikisha ukumbini Eagan. Zadock naye aliomba. Ni jirani yetu, nesi, Mkenya, ana van safi kupita kiasi. Akauliza kwa nini mbuzi mzima aingie kwa muziki, majani mdomoni. Watu wakacheka. Kura zote kwangu.

Jumanne, 5 Septemba
Dizeli inadondoka chini ya pikapu yangu. Nimelala chini yake kuchungulia. Mabomba ya mafuta, ya chuma, yameliwa na chumvi wanayomwaga barabarani kila majira ya baridi. Fundi wa gereji alitaja bei. Nikamshukuru, nikaondoka. Dawa ninayo stoo: mpira mweusi, mnene, uliobaki nilipotengeneza hita ya gari la zamani. Mpira ni mpira. Ernestina, mke wangu, akauliza kama nimemuuliza mtu anayejua. Nikamwambia nimejiuliza mwenyewe.

Jumatano, 6 Septemba
Nimekata chuma chote, nimeunga mpira, nimekaza klipu. Imewaka mara moja! Zadock akaja na kikombe chake cha chai, akainama. Eti, "Mzee, hii si pipe ya maji? Diesel itaimaliza, nakushow." Nikamjibu kwa upole kwamba kila mtu na fani yake. Ni wivu wa ndafu tu.

Ijumaa, 8 Septemba
Pikapu inavuta kwa uvivu kidogo. Mpira nao umenenepa. Naona umeshiba, dalili nzuri. Binti yetu Irene akasema, "Dad, it stinks." Nimemwambia kama inanuka ashushe kioo.

Jumamosi, 9 Septemba
Siku yenyewe. Ndafu nimemchukua Blaine, amepambwa, sukumawiki mdomoni, amefunikwa foili. Nikaendesha taratibu kwa heshima yake. Katikati ya barabara kuu injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Nikaingia chini. Mpira umelegea kama chapati ya jana na umejibana, mafuta hayapiti. Nikaunyoosha kwa vidole. Ukajibana tena.

Nikampigia simu kila ninayemjua isipokuwa mmoja. Wote wako kanisani, simu zimezimwa. Mimi na mbuzi kando ya barabara, magari yanapunguza mwendo kututazama. Niliona aibu, na niliogopa kweli: Erick angeingia ukumbini bila ndafu, na jina langu lingetajwa mpaka Dodoma. Nikampigia Zadock.

Alikuja moja kwa moja kutoka zamu. Tulimweka ndafu kiti cha katikati cha van yake, Zadock akamfunga mkanda. Ukumbini ilibidi abebe yeye, maana mikono yangu ilinuka dizeli na Ernestina alikataa nisogelee nyama. Zadock akaingia na ndafu anacheza, mwendo kaujulia wapi sijui. Vigelegele! Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika taulo. Iliniuma.

Kabla keki haijakatwa, kamati ikagawa kazi za harusi ijayo, ya Dativa. Ndafu: Zadock. Mimi: maji na vikombe.

Jumapili, 10 Septemba
Pikapu ilivutwa hadi nyumbani. Zadock akaja bila kuitwa, na mpira halisi wa dizeli. Tumeufunga pamoja. Akanieleza polepole, kama anavyoongea na wagonjwa, kwamba ule wa hita umetengenezewa maji, dizeli huulainisha. Nimemwelewa kabisa. Injini inanguruma vizuri. Ni mtu mwema, nimemwambia hivyo, akaenda kulala.

Nikabaki chini ya gari kufuta mafuta. Nikaona mabomba ya breki, ya chuma pia, nayo yameoza. Gereji sirudi. Mpira wa hita umebaki kipande kirefu tu, na kwenye breki hapapiti dizeli hata tone, kwa hiyo maneno ya Zadock hapa hayahusiki. Nimeshakata bomba la kwanza. Maji ya Dativa nitayafikisha mwenyewe.