Mnandi Mweupe kwenye Mtumbwi wa Magige

Jumatatu, 4 Machi 1985. Makoko.

Leo nimeona mnandi mweupe! Si yangeyange, wale weupe wanaofuata ng'ombe, hao nawajua. Mnandi kabisa, yule ndege mweusi anayezamia samaki, shingo ndefu, mdomo wenye ndoana, ila mweupe kichwa hadi mkia. Alitua kwenye mtumbwi wa marehemu kaka yangu Magige, akakaa nyuma kabisa, akaitazama nyumba yetu.

Magige alizama ziwani Januari. Mtumbwi ulirudi wenyewe, yeye hakurudi. Kaburi haliachwi tupu, kwa hiyo tukazika mgomba uliofungwa ndani ya blanketi lake. Tangu siku hiyo Mama hali kitu ila uji wa kulazimishwa. Amekonda mpaka pete imemtoka kidoleni. Leo alipomwona ndege, akaomba samaki! Akasema huyo ni Magige, asiguswe na mtu.

Mimi kwa ndege huyo niliona baiskeli. Bwana Isidori, afisa wanyamapori wa Bunda, ametangaza kwamba atakayemwonyesha ndege wa rangi isiyo yake, wageni wake watafiti watampa Phoenix mpya. Mpya! Yangu nimejaza majani kwenye matairi, maana mipira haipatikani. Hata mbuzi wananipita.

Jumanne, 5 Machi

Bunda kwa lori la mizigo. Nimemkuta Isidori nyumbani kwake Kabasa. Hakusisimka hata kidogo. Eti wiki iliyopita jirani yangu Ryoba alimpelekea bata aliyepakwa unga. Ryoba! Unga wenyewe haupatikani, yeye anampaka bata.

Isidori akanifundisha. Jicho likiwa jekundu, ndege amekosa rangi mwili mzima. Likiwa la kawaida, ni manyoya tu yaliyokosa rangi. Akaonya kwamba wapo matapeli wanaopaka ndege chokaa. Chokaa! Sikuwa nimewahi kuifikiria. Akauliza jicho la ndege wangu likoje. Nikasema jekundu kama pilipili. Sikuwa nimelitazama. Atakuja Ijumaa.

Jumatano, 6 Machi

Nimelitazama jicho. La kijani, kama la mnandi yeyote. Nalo lilinitazama, halikupepesa. Kisha ndege akazamia, akakaa chini ya maji muda mrefu mno. Minandi wote wakitoka majini hutandaza mabawa wayakaushe. Huyu hakutandaza. Alitoka mkavu.

Nikajiambia ni mafuta ya manyoya tu. Hata hivyo sikumpa mgongo nilipoondoka.

Mama alikaa ufukweni akimsimulia mambo ya nyumbani, mbuzi yupi amezaa, nani ameolewa. Akala ugali na samaki furu mpaka miiba. Akacheka! Nilifurahi sana, sitaficha. Akaniambia, "Magige alikuwaga anakaa hapohapo, mkono mmoja kwenye kasia."

Mchana Ryoba akaja na wavu. Nilimfukuza kwa ukali, nikamwambia hana haya, anataka kumvua marehemu wa watu. Aliondoka ameinamisha kichwa. Wavu nikabaki nao.

Alhamisi, 7 Machi

Jana jioni nilitandika wavu ndani ya mtumbwi, nikasingizia kuushona. Alfajiri nikauvuta. Ulikuwa mzito. Ndani hapakuwa na ndege. Palikuwa na kiatu cha tairi, cha kushoto, cha Magige. Alizama akiwa amekivaa.

Kilikuwa kikavu. Tena cha vuguvugu, kama kimevuliwa sasa hivi.

Nilikigeuzageuza, nikakinusa. Kisha nikajaribu kukivaa. Saizi yangu! Viatu ni shida siku hizi, nisingekirudisha ziwani.

Mnandi mweupe hajatokea. Mama amengoja mpaka samaki wakapoa. Na kesho Isidori anakuja! Nimenasa mnandi wa kawaida kwenye miamba, nikampaka chokaa ambayo katekista Alfonce aliiweka kwa ajili ya kuta za kanisa kabla ya Pasaka. Amenidonoa pua.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya.

Isidori alikuja na darubini na kitabu chake. Ndege wangu nilikuwa nimemfunga kamba mguuni, yuko kwenye mtumbwi, anapendeza kabisa. Kabla Isidori hajasogea, Mama akatoka mbio na sahani ya samaki, anaita Magige, Magige. Akamkumbatia. Weupe wote ukabaki mikononi mwake, ndege akawa mweusi kifuani pake.

Hakuna aliyecheka, hata Ryoba aliyekuja kutazama. Isidori akafunga kitabu. Mama akatazama viganja vyake, kisha mimi, kisha mguu wangu. Akauliza kiatu nimekitoa wapi. Nikasema nimekinunua sokoni Iringo. Akasema uzi mwekundu wa mkanda ule aliushona yeye.

Akaingia ndani. Samaki akawamwagia mbwa.

Jumamosi, 9 Machi

Mama hajala. Hata uji. Amelala ameuelekea ukuta. Nimepiga magoti, nimelia kweli, nimemwambia asinifie. Nimeapa kwamba sitamgusa ndege yule maisha yangu yote.

Jumapili, 10 Machi

Amerudi! Nilimsikia Mama akicheka kabla sijaamka vizuri. Mnandi mweupe yuko mahali pake, mkavu, ananitazama mimi. Mama anakula. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Mama ameniambia amenisamehe, mradi nisimguse ndege.

Mbele ya ndege kuna kiatu cha kulia. Na kamba ya mtumbwi, niliyoifunga mwenyewe kwa fundo la wavuvi, imefunguliwa. Nimeiacha vilevile, maana mtumbwi hausogei. Umekaa tu juu ya maji, kama unangoja mtu apande.

Nimekichukua kile kiatu. Ndege hakupinga. Alisogea kidogo, akaacha nafasi.

Sasa, nimeapa sitamgusa. Lakini wavu si mkono! Na Ryoba anasema wageni wa Isidori wapo Bunda mpaka Jumatano. Kesho alfajiri, kabla Mama hajaamka, nitalala ndani ya mtumbwi wa Magige, nijifunike wavu, nimngoje aje mwenyewe. Nimevaa viatu vyote viwili. Vimenikaa sawasawa.